Kusafishwa mimba ikiharibika: hivi ganzi ipo au ni lazima tuvumilie?

chausiku_wa_pwani

Habari za jioni wadau. Naombeni mnisikilize maana naandika huku machozi yananitoka na nimejifungia chooni watoto wasinione.

Nina mimba ya wiki 10 kwa hesabu ya tarehe zangu. Juzi nimeanza kuona matone ya damu ya kahawia nikaenda kupiga utrasaundi, yule daktari akakaa kimya muda mreeefu anazungusha kile kidude tumboni, nikajua tu. Akasema mtoto aliacha kukua kwenye wiki ya 7, mapigo hakuna, ila mlango wa kizazi bado umefunga. Nimepangiwa Alhamisi nirudi kusafishwa.

Sasa sio kwamba naogopa kusafishwa kwa sababu sikujui, naogopa kwa sababu nakujua. Hii ni mara ya pili. 2022 mimba ilitoka nusu, mabaki yakabaki, nikapelekwa hospitali moja hivi siitaji jina. Nilipandishwa kile kitanda cha kutanua miguu nikaulizwa "umeitoa mwenyewe?" mara tatu, mara tatu nikasema hapana na hakuna aliyeniamini. Hakuna sindano, hakuna kidonge, hakuna hata pole. Nesi mmoja kanishika mabega mwingine paja, naambiwa vumilia mama ni dakika tano tu. Nilivyopiga kelele nikaambiwa "wakati wa kuitengeneza mbona hukulia". Mpaka leo mtu akinyonya juisi na mrija ikafika chini ya glasi ule mlio mi nasimama naondoka mezani, na mume wangu anadhani ni madeko.

Maswali yangu ni haya, hivi kuna dawa ya maumivu kwa hii kitu au ndo ilivyo dunia nzima? Nikiomba sitaonekana najidai au ndo watanitesa zaidi? Na nusu kaputi je, naweza kuomba nilale nisisikie kitu? Halafu nina vidonda vya tumbo sijui kama inahusiana. Matusi sitaki, nimechoka.

mama_pacha_tanga

Pole sana mdogo wangu, pole mno. Kwanza nikutoe wasiwasi, ganzi IPO. Mi nimesafishwa mara mbili hospitali mbili tofauti. Ya kwanza kama yako, kavu kavu, nikauma kanga mpaka ikatoboka. Ya pili mama mmoja mtu mzima ndo alinihudumia, akanichoma diklo (sindano ya maumivu) ya makalio akaniambia kaa kwenye benchi nusu saa kwanza, ndo akaniita, akaniambia sasa nakuchoma ganzi kwenye mlango utasikia kama umeumwa na siafu, ikawa hivyo, akasubiri huku ananiuliza habari za watoto wangu. Maumivu yalikuwepo, nisikudanganye, kama siku ya kwanza ya hedhi mbaya mbaya hivi, ila nilikua naongea nae. Nilitoka pale nikatembea mwenyewe mpaka stendi ya daladala.

Mwili ni ule ule na kifaa ni kile kile. Kilichobadilika ni mtu tu.

kidume_halisi

Poleni lakini wanawake wa siku hizi mnapenda kudeka. Mama zetu walizaa shambani wakarudi kulima, leo kitu cha dakika tano mnataka mpaka mlazwe usingizi. Hospitali zetu zina wagonjwa wengi dawa wawape wenye operesheni kubwa

mama_pacha_tanga

@kidume_halisi we ukienda kung'oa jino huwa unamwambia daktari usinichome ganzi mi nina mama alizaa shambani? Jino MOJA. Dakika tano hizo hizo. Kaa kimya au kaulize mama yako kama alipenda.

sista_wa_zamu

Mi ni nesi mkunga, mwaka wa 14 kazini, wodi ya magonjwa ya akina mama. Dada chausiku pole kwa msiba, maana huo ni msiba hata kama hakuna tanga lililokaliwa. Ngoja niongee kwa kirefu maana hili jambo linanikera na mimi nimeshakua upande wa wale walioshika mabega, sijivunii.

Kinachofanyika siku hizi kwa mimba changa ni MVA, yani bomba la plastiki la kunyonya kwa mkono. Kile cha zamani cha kukwangua na chuma Shirika la Afya Duniani walishasema kitu cha kuachwa toka miaka mingi, kwahiyo ukisikia mtu anataka kukukwangua muulize kwanini sio bomba. Kazi yenyewe ni kweli dakika 5 mpaka 10, hapo hawakudanganyi. Wanachokosea ni kudhani muda mfupi maana yake maumivu madogo.

Maumivu yanatoka sehemu mbili na hapa ndo watu wengi hata wenzetu kazini hawaelewi. Kuna mlango wa kizazi, unashikwa na koleo na kupanuliwa, mishipa yake ya fahamu inatoka chini kwenye uti wa mgongo huku kwenye nyonga. Halafu kuna kizazi chenyewe kule juu, kikishakua kitupu kinajikunja kwa nguvu na hiyo ndo ile tumbo kukata ya mwishoni, mishipa yake inapita njia nyingine ya juu zaidi. Ganzi ya kuchoma kuzunguka mlango inashika vizuri huko chini, juu inafika kidogo tu. Ndo maana unahitaji vitu viwili. Ganzi kwa ajili ya mlango, na dawa ya jamii ya brufen kwa ajili ya kukunjana. Brufen inamezwa kama nusu saa mpaka saa zima kabla, sio unameza ukiwa unapanda kitandani. Panadol peke yake kwa hii kazi haifui dafu, utafiti umeonyesha na mimi nimeona kwa macho. Diazepam nayo inakutuliza wasiwasi ila maumivu utayasikia yote, utakua tu unayasikia ukiwa mlegevu.

Ganzi ni lignokaini, hii hii ya kushonea uzazi na ya meno. Kipimo kwa mtu mzima wa kawaida kisizidi miligramu 200, yani mililita 20 za asilimia 1. Kama stoo kuna ya asilimia 2 basi ni mililita 10 tu, na ukitaka ujazo ule ule wa mililita 20 unazichanganya hizo 10 nusu kwa nusu na maji ya sindano. Kabla ya kusukuma dawa anavuta kwanza kuona kama hajaingia kwenye mshipa wa damu, maana ikiingia unaweza kusikia masikio yanalia, midomo inawasha, mdomoni ladha kama umelamba sarafu. Ukisikia hivyo SEMA hapo hapo. Na baada ya kuchoma anatakiwa asubiri dakika 2 au 3, hii ndo sehemu watu wanaruka, anachoma anaanza hapo hapo halafu anasema ganzi yake haifanyi kazi. Sindano yenyewe inauma kidogo, nisikufiche.

Sasa mbona hamchomwi? Stoo ipo mara nyingi, sio kwamba hakuna. Ila kuna mazoea kwamba lignokaini ni ya kushonea, na wengi wetu hatukufundishwa kuchoma pale, mtu anaogopa kuchoma asichokijua. Kuna foleni, usiku mpo wawili wagonjwa 40. Na kuna lile lingine ambalo hatulisemi, kwamba akija mama mwenye mimba iliyotoka mtu kichwani ameshamhukumu. Anaona maumivu ni sehemu ya somo. Mi nimefanya kazi na mtu aliyesema wazi "nikimchoma ganzi kesho kutwa atarudi". Huduma baada ya mimba kuharibika ni haki ya kila anayeingia, iwe imetoka yenyewe au vinginevyo, na sio kazi yetu kupeleleza. Na hata angekua ameitoa kwani ganzi inachagua?

Nusu kaputi haishauriwi kama kawaida kwa mimba changa. Sio ubahili. Inataka mtu wa usingizi awepo, ufunge kula, ukae masaa ya kuangaliwa, na ina hatari zake ambazo ganzi haina. Lakini mtu kama wewe ambaye ulishaumizwa hivyo unaweza kumueleza daktari akapima. Isikatazwe bila kusikilizwa.

Jinsi ya kuomba. Usisubiri upo kitandani miguu juu, pale huna sauti. Ongea siku ile ukiwa umekaa na nguo zako. Sema hivi, "mara ya kwanza nilifanyiwa bila ganzi nikaumia sana, naomba leo nichomwe ganzi ya mlango wa kizazi na nipewe dawa ya maumivu kabla". Ukilitaja kwa jina lake mtu anajua unajua. Na uliza nani ataongea na wewe wakati kazi inaendelea. Sisi kazini kuna utani tunaita ganzi ya mdomo, yani kuongea na mgonjwa, kumwambia sasa nakugusa, sasa nanyonya, bado kidogo. Inasaidia kweli, ila kuna waliofanya ndo mbadala wa ganzi yenyewe. Ganzi ya mdomo juu ya ganzi ya sindano, sio badala yake.

dokta_wa_wilayani

Sista ameongea vizuri sana, niongeze mawili na nirekebishe moja. Dada amesema ana vidonda vya tumbo. Kwahiyo brufen na diklo hapana, au angalau sio kabla ya kuongea na daktari anayekujua, na hata ikichomwa makalioni bado inafika tumboni ile ile kwa kupitia damu, hilo watu hawalijui. Vilevile mwenye pumu inayochochewa na dawa hizo au mwenye shida ya figo aseme. Kwako wewe ganzi inakua muhimu zaidi, na kuna dawa za maumivu za kundi jingine daktari anaweza kuchagua. Ila usinunue duka la dawa ukajimezea.

La pili, kwa hali yako ambapo mlango umefunga na damu ni kidogo, kusafishwa sio njia pekee. Vidonge vya misoprostoli, vya kufanya kizazi kisukume chenyewe, vinaweza kutumika, na pia wapo wanaosubiri itoke yenyewe chini ya uangalizi. Sikwambii ni rahisi. Vidonge maumivu yake yanakua ya masaa badala ya dakika, damu nyingi, uko nyumbani na watoto wanagonga mlango, na kuna wanaoishia kusafishwa vilevile. Lakini mtu aliyeogopa kile kitanda kama wewe anastahili kuambiwa kwamba ipo. Muulize daktari wako, dozi atakupa yeye kulingana na hali yako, tafadhali usitafute dozi humu ndani.

Mambo ya kukimbilia hospitali usiku huo huo bila kujali umechagua njia gani: ukijaza pedi mbili kwa saa kwa masaa mawili mfululizo, homa, harufu mbaya, kizunguzungu cha kuanguka.

sista_wa_zamu

@dokta_wa_wilayani asante, vidonda vya tumbo vilinipita, nimeandika nikiwa nimetoka nait. Dada chausiku fuata ya dokta hapo kwenye brufen.

fundi_umeme_moro

mi mwanaume, mke wangu yalimkuta mwaka jana mimi nikiwa nje kwenye benchi nasikia kelele nikajua labda ndo kawaida. nimesoma hii uzi nimeishiwa nguvu. swali kwa sista, sisi waume tunaruhusiwa kuingia? maana niliambiwa baba subiri nje

sista_wa_zamu

Inategemea chumba, kama kuna pazia na wagonjwa wengine ndani mara nyingi hawaruhusu kwa ajili ya wengine, sio kwa ajili yako. Ila kabla ya kuingia unaweza kuuliza mbele ya mkeo, sista mke wangu atachomwa ganzi? Nisikufiche, swali likiulizwa na mwanaume majibu huwa yanakuja haraka zaidi. Inauma lakini ndo ilivyo, itumieni.

bi_kizingo

Pole sana mwenzangu. Mie ni wa Mombasa, mambo ni yayo kwa yayo, usidhani huku kwetu kuna tafauti. Mie yalinipata mimba ya miezi mitatu, nikafanyiwa na daktari kijana tu, barobaro, nikasema leo nimekwisha. Wallahi yule kijana alinishangaza, kila kitu yuwaniambia kabla, akinigusa yuwasema nakugusa, na sindano alidunga pole pole. Baadaye dadangu akaenda hospitali iyo iyo wiki nyengine akakuta mtu mwengine, akafanyiwa kavu. Kwa hivyo uliza dada, usione haya, mdomo wako usiutie kufuli. Na kunywa uji ukirudi, mwili utetemeka sana.

mbongo_leicester

Nimeguswa. Mi niko Leicester huku Uingereza, yangu ilikua 2019. Walinikalisha chini wakanieleza njia tatu, kusubiri, vidonge, au kusafishwa, na kwenye kusafishwa unachagua kulala usingizi thieta au ukae macho na ganzi ya mlango. Nikachagua ganzi kwa sababu sikua na wa kuniachia mtoto. Nilipewa dawa za kumeza kabla na kuna gesi ya kuvuta kwa mdomo unajipimia mwenyewe, unavuta ukisikia inakuja. Iliuma kwenye dakika kama mbili za mwisho. Ila msidhani huku ni peponi, kuna wanawake wamefungua mpaka kampeni kwa sababu ya kile kipimo cha kuingiza kamera kwenye kizazi, wanafanyiwa bila ganzi wanaambiwa ni usumbufu mdogo tu. Neno lao ni "usumbufu", la kwenu "vumilia". Ndugu wa tumbo moja hao.

kidume_halisi

Sawa nimesoma ya sista yote. Hiyo ya jino imenikaa. Sikujua kama ni ganzi ile ile ya meno, nilidhani mnaomba kitu kikubwa

chausiku_wa_pwani

Nimerudi wadau. Samahani nimechelewa, nimelala siku mbili.

Kwanza niliuliza kuhusu vidonge kama dokta alivyosema. Daktari akasema inawezekana, akanieleza vizuri tu bila kukunja uso, ila nikafikiria nyumbani nina watoto wawili na chumba kimoja na choo cha nje tunachangia na wapangaji wengine, nikasema hapana bora iishe siku moja. Kwahiyo nikachagua kusafishwa mwenyewe, na niwaambie hiyo ya kuchagua mwenyewe tayari ilinipunguzia kitu fulani kifuani.

Asa kwenye ganzi. Nilisema ile sentensi ya sista neno kwa neno, nilikua nimeiandika kwenye karatasi ya daftari la mwanangu. Daktari kijana akasema aah mama hii ni dakika tano tu. Nikamwambia naijua hiyo dakika tano, nilikua nayo 2022. Akaniangalia. Akatoka, nikajua nimeharibu, ndo wananiletea wale wa kushika mabega. Kumbe kaenda kumuita sista mkuu wao, mama mnene hivi ana miwani, akaja na kichupa cha lignokaini akamwambia yule kijana njoo nikuonyeshe. Akachoma yeye, kijana anaangalia. Ilikua ya asilimia 2, nilisoma, wakaichanganya na maji kama sista wa humu alivyosema, nikacheka peke yangu wakashangaa. Dawa ya maumivu walinipa nyingine sio diklo kwa ajili ya vidonda.

Sindano ilichoma, kweli siafu. Wakasubiri, sista mkuu anaangalia saa ya ukutani. Walipoanza nilisikia kuvutwavutwa, sio maumivu, ni kama mtu anakuvuta nguo ukiwa umeivaa. Mwisho tumbo likakata, hapo nikashika kile chuma cha kitanda, ila ni mimi nilikishika, hakuna aliyenishika. Mlio wa kunyonya uliposikika nikaanza kuimba kimoyomoyo wimbo wa kulalisha mwanangu. Nililia. Nililia mtoto safari hii, 2022 sikupata hata nafasi ya kumlilia maana nilikua nalia mwili.

Damu bado inatoka kidogo kama siku za mwisho za hedhi, homa sina. Wameniambia mimba inaweza kuingia tena hata ndani ya wiki mbili kwahiyo kama sitaki niseme, nimechukua sindano ya miezi mitatu kwanza nipumzike.

@mama_pacha_tanga nimekuombea dua. @sista_wa_zamu karatasi yako bado ninayo kwenye pochi.

Kitu kimoja kimenibaki. Nilivyokua nimelala pale pembeni nasubiri kizunguzungu kiishe, wakamuingiza binti mdogo, sidhani kama kafika 20, kaja peke yake na kanga moja. Nikasikia nyuma ya pazia nesi mwingine anamuuliza umeitoa mwenyewe? Nikamuita yule sista mkuu nikamwambia, mama, kile kichupa hakijaisha si ndio, na huyu nae ana mgao wake. Akanitazama juu ya miwani, akakichukua kwenye trei akaingia nacho kule nyuma ya pazia. Iliishia wapi sijui, mume wangu alikua keshaita bajaji.